Shajara ya mradi: Mtaji wa kiwanda cha chapati Houston, kwa njia ya sheria

Kampuni yetu inatengeneza chapati na sambusa za kugandishwa hapa Houston, Texas. Waanzilishi ni Watanzania, Wakenya na Wakongo, na kampuni imesajiliwa Texas. Tunapika usiku katika jiko la kukodi, na maduka yanaagiza kuliko tunavyoweza kutoa. Tunahitaji jiko letu wenyewe, mashine ya kutandaza unga na friza ya kugandisha haraka. Makadirio ni dola 250,000.

Mimi ni katibu wa kampuni. Naandika hatua kila inapokamilika, ili ndugu zetu wengine wa ughaibuni wanaotaka kuchangisha mtaji waone njia ilipo na mashimo yalipo. Sheria ninazozitaja ni za Marekani. Aliye Nairobi, Dar es Salaam au Dubai ana mamlaka yake ya kuuliza.

19 Januari 2025: Bango

Mwenyekiti ametengeneza bango zuri: picha ya chapati, maneno "Wekeza dola 1,000, pata asilimia 12 kwa mwaka", na namba ya kutuma fedha. Ameliweka kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, lenye watu mia kadhaa. Wenyewe wakalisambaza hadi Dallas na Columbus. Mpaka leo jioni zimeingia dola 14,500.

Hivi ndivyo tulivyolelewa. Msiba ukitokea au harusi ikikaribia, daftari linafunguliwa na kila mtu anaandika jina lake. Hakuna aliyeona ajabu.

2 Februari 2025: Wakili asimamisha kila kitu

Tulimwendea wakili wa masuala ya dhamana (yaani hisa, hati za deni na mikataba mingine ya uwekezaji), mzaliwa wa Mombasa, tukidhani atatuandikia mkataba wa ukurasa mmoja. Alitazama bango kwenye simu ya mwenyekiti kwa muda mrefu.

"Mzee, hizi hela zimeshaingia?"

"Zimeingia, dada. Watu wametuamini."

"Na wote unawajua?"

Mwenyekiti akasema wengine ni rafiki wa rafiki.

"Basi zirudi zote, mzee wangu. Wiki hii, na kwa maandishi."

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Dhamana ya mwaka 1933 kinataka kila toleo la dhamana, yaani kila ofa ya kuziuza, lisajiliwe kwa SEC, kamisheni inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani, au liwe chini ya msamaha mmojawapo uliowekwa kisheria. Usajili kamili ni wa makampuni makubwa; gharama yake ingemeza kiwanda chetu chote. Kwa hiyo kazi yote ni kuchagua msamaha, na kuuchagua kabla hujafungua mdomo. Misamaha mingi inaangalia umemwomba nani na umemwombaje, kuliko inavyoangalia ukubwa wa fedha. Sisi tulianza kuomba kwanza.

Tulijitetea kwamba hatukuuza hisa, tulikopa tu. Wakili akatutajia kesi ya Reves dhidi ya Ernst & Young ya mwaka 1990, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hati ya deni huanza kwa kudhaniwa kuwa ni dhamana, na anayepinga ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba inafanana na aina za deni zilizokwisha kuondolewa. Hati inayouzwa kwa watu wengi ili kupata mtaji wa biashara, kwa ahadi ya faida, haina pa kujificha. Tukasema basi tuiite ushirika. Akatuletea Howey ya mwaka 1946: kampuni ya Florida iliuza vipande vya shamba la machungwa pamoja na mkataba wa kuvihudumia, na mahakama ikasema mtu akiweka fedha katika shughuli ya pamoja akitegemea faida itokane na juhudi za wengine, huo ni mkataba wa uwekezaji, uuite jina lolote upendalo.

Kilichonitisha zaidi ni Kifungu cha 12(a)(1) cha Sheria hiyo ya 1933. Mnunuzi wa dhamana iliyouzwa bila usajili wala msamaha anaweza kudai fedha zake pamoja na riba, na muda wa kudai ni mwaka mmoja. Maana yake mashine ingekuwa imeshanunuliwa na imefungwa sakafuni, huku kila aliyechangia akiwa na haki ya kusema "nirudishieni changu".

Wapo wenzetu walioona haya ni usumbufu wa Wazungu. Mimi sikubali. Tuliotoka Tanzania tunaikumbuka DECI ya mwaka 2009, upatu uliopitia makanisani. Hapa hapa Houston, Septemba 2022, SEC ilipata amri ya mahakama ya kusimamisha CryptoFX, kampuni iliyodai kuwekeza fedha za watu kwenye sarafu za kidijitali. Madai yake ya baadaye ni kwamba mpango huo ulikusanya dola milioni 300 kutoka kwa watu zaidi ya 40,000, wengi wao Walatino, kwa kupitia watu wa lugha yao na jamaa zao. Bango letu lilikuwa la watu waaminifu, lakini machoni pa mama aliyelipokea kwenye simu lilifanana kabisa na la matapeli: faida ya uhakika, namba ya kutuma fedha. Hakuwa na chochote cha kutofautishia. Sheria inamtaka muuzaji ampe cha kutofautishia.

Gharama: dola 1,200 kwa ushauri wa kwanza.

16 Februari 2025: Kurudisha fedha

Zimerudi zote. Kila mtu amepewa barua inayosema toleo limefutwa, fedha zake ni hizi, hakuna deni wala ahadi ya nafasi baadaye. Tumeweka stakabadhi kwenye faili.

Kazi ngumu ilikuwa kwa mzee mmoja wa Kigoma aliyetoa dola 3,000. Alikataa kuzipokea. "Mwanangu, nikikuachia ni kwa hiari yangu. Sheria itanikataza kukuamini?" Nilikwenda kwake na mwenyekiti, tukanywa chai, nikamweleza kwamba tukizishika tunamweka yeye na sisi pabaya. Akazipokea shingo upande. Sikufurahia siku ile, lakini leo ukiniuliza hatua gani iliokoa mradi, nitasema hii.

9 Machi 2025: Mlango wa 506(b), umefungwa

Huu, wa Kanuni ya 506(b) ya SEC, ndio msamaha unaotumiwa na wengi wanaochangisha kwa marafiki. Hauna kikomo cha kiasi. Unaruhusu wawekezaji wenye sifa bila idadi, na wasio na sifa wasiozidi 35 ndani ya siku 90. Mwenye sifa, kwa mtu binafsi, ni mwenye mali halisi (ukishatoa madeni) ya zaidi ya dola milioni 1 bila kuhesabu nyumba anayoishi, au mwenye kipato cha zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka (300,000 pamoja na mwenzi wake) kwa miaka miwili mfululizo, na anayetarajia hivyo mwaka huu. Zipo pia leseni chache za taaluma ya fedha zinazomfanya mtu astahili.

Sharti lake kubwa ni marufuku ya kutangaza. Lazima uwe na uhusiano wa kweli na unayemwomba, ulioanza kabla ya ombi. Kundi ambalo kila aliyepata kiungo anaingia halihesabiki kuwa uhusiano. Na karibu kila tuliyetaka kumwendea alikuwa ameshaliona bango. Kusubiri siku 30 kunasaidia kutenganisha matoleo mawili, lakini hakumfanyi aliyevutiwa na tangazo awe hakuvutiwa nalo. Tena ukimchukua hata mmoja asiye na sifa, unawiwa kumpa taarifa nzito za kampuni na hesabu zake.

Tumeuacha.

23 Machi 2025: 506(c), na ndugu wa asilimia 7

506(c) inaruhusu kutangaza popote, ila wanunuzi wote wawe wenye sifa, na uchukue hatua za kuridhisha kuthibitisha hivyo. Tarehe 12 Machi maofisa wa SEC walitoa barua iliyorahisisha uthibitisho: mtu binafsi akiweka kuanzia dola 200,000, na kampuni kuanzia dola 1,000,000, pamoja na maelezo ya maandishi na bila mwenye kuuza kujua lolote la kupinga, inaweza kutosha. Habari njema kwa wengine. Wateja wetu ni wauguzi wasaidizi, madereva wa malori, walimu. Wenye sifa tunaowafahamu hawajai gari dogo.

Wiki hiyohiyo akaja ndugu mmoja anayeuza bima, akasema anajua madaktari wa Kiafrika wenye fedha, atatuletea kwa asilimia 7 ya kila atakachokipata. Tulikaribia kukubali. Wakili akauliza leseni yake ni ya nini. Bima ya maisha. Kifungu cha 15(a) cha Sheria ya Masoko ya Dhamana ya mwaka 1934 kinamtaka anayefanya biashara ya kuuza dhamana za wengine awe amesajiliwa, na malipo yanayotegemea mauzo ndiyo dalili ya kwanza inayoangaliwa. Kifungu cha 29(b) kinaweza kuufanya mkataba wa namna hiyo kuwa batili, na mwenye kuumia ni kampuni pia.

Ukijiwa na mtu wa aina hii, ingia BrokerCheck, tovuti ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa dhamana Marekani, andika jina lake. Ni bure, na dakika chache zinatosha. Yeye hakuwemo. Tulimshukuru, tukaachana kwa heri.

13 Aprili 2025: Reg CF

Mlango unaotufaa umepatikana. Sheria ya JOBS ya mwaka 2012 ilizaa kanuni zinazoitwa Reg CF, zinazoruhusu kampuni iliyosajiliwa Marekani kukusanya hadi dola milioni 5 ndani ya miezi 12 kutoka kwa umma wote, tajiri na asiye tajiri. Sharti ni kila kitu kipite kwenye jukwaa moja la mtandaoni lililosajiliwa SEC na lenye uanachama wa FINRA. Fedha hazigusi akaunti ya kampuni. Zinakaa kwa mtunzaji wa kati hadi lengo litimie. Lisipotimia, zinarudi.

Kila mwekezaji ana kikomo. Kama kipato chake au mali yake halisi, mojawapo, iko chini ya dola 124,000, mwisho wake ni dola 2,500 au asilimia 5 ya kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, ipi iliyo zaidi. Muuguzi msaidizi wa kipato cha dola 38,000 anaishia 2,500. Dereva wa lori anayepata 130,000 lakini mali yake bila nyumba ni 60,000 anaishia 6,500. Vyote viwili vikifika 124,000, ni asilimia 10, na kamwe si zaidi ya 124,000. Kikomo hicho ni cha matoleo yote ya Reg CF anayoingia ndani ya miezi 12, siyo letu peke yake. Mwenye sifa hana kikomo.

Nimefurahi kwa dhati kuona hili. Mama wa dola 500 anaruhusiwa kuwa mwenye mali, na sheria imemwekea ukingo asitupe akiba yake yote kwetu.

Jambo la pili tulilobadilisha ni kinachouzwa. Ile asilimia 12 ilikuwa riba, na Waislamu wengi katika jumuiya walikuwa wamekaa kimya tu kwa heshima. Sasa tunauza hisa za daraja B, zisizo na kura, kuanzia dola 200. Faida ikipatikana tutagawana, hasara ikija ni yetu sote. Lengo la chini ni dola 90,000, la juu 250,000.

25 Mei 2025: Hesabu na EDGAR

Hapa ndipo muda mwingi ulipotea.

Toleo la zaidi ya dola 124,000 hadi 618,000 linahitaji hesabu za miaka miwili zilizopitiwa na mhasibu wa umma aliye huru. Tulimtegemea mhasibu anayetushikia vitabu, mwenye leseni kamili. Ana hisa kwetu. Huyo si huru, hata awe malaika. Tukatafuta mwingine, naye akakataa vitabu kama vilivyo: tuliandika mapato siku fedha zinapoingia, wakati kanuni za uhasibu za Marekani zinataka yaandikwe mzigo unapokabidhiwa kwa mteja. Baadhi ya mauzo yalikuwa yameingia kwenye akaunti binafsi ya mwenyekiti kwa sababu duka lilikuwa na namba yake. Tulikaa na taarifa za benki mstari kwa mstari hadi kila shehena ya chapati ikapata mahali pake. Anayesoma haya na bado hajaanza: fungua akaunti ya kampuni leo, na usiruhusu dola moja ipite pembeni.

Gharama: dola 4,500 kwa mapitio.

Kuwasilisha Fomu C, hati ya maelezo ya toleo la Reg CF, kunahitaji kampuni iwe na namba zake kwenye EDGAR, mfumo wa SEC wa kupokea nyaraka. Tangu 24 Machi mwaka huu utaratibu ni mpya: kampuni kama yetu inataja wasimamizi wa akaunti wasiopungua wawili, kila mmoja anaingia kwa utambulisho wake wa Login.gov, tovuti ya serikali ya kujitambulisha, na Fomu ID, ya kuomba namba hizo, inasainiwa mbele ya notari. Ombi letu lilikwama kwa kitu kidogo: msimamizi wa pili alijiandikisha Login.gov kwa barua pepe ya nyumbani, na kwenye fomu tuliandika ya kazini. Lazima ziwe zilezile. Fanyeni hatua hii mapema, wakati mnasubiri mhasibu.

22 Juni 2025: Fomu C imeingia, midomo imefungwa nusu

Jukwaa lilichunguza historia za viongozi na wenye asilimia 20 au zaidi, kisha tukawasilisha. SEC haiipitii wala kuiidhinisha Fomu C, na tumelisema hilo wazi kwa kila mtu, maana tulishasikia mmoja akitangaza kuwa "serikali imepitisha".

Nje ya jukwaa, tangazo lolote linalotaja masharti ya toleo, kama bei au kiasi, linabeba vitu vichache tu: kwamba kuna toleo, jina la jukwaa na kiungo chake, masharti yenyewe, na maelezo mafupi ya kampuni. Sifa, matarajio na "usikose" havina nafasi humo. Tangu 2021 mazungumzo ya mdomo yanaruhusiwa, kwa mipaka ileile.

Mwenyekiti aliuliza kuhusu ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa kuwa wazee wengi hawasomi ujumbe mrefu. Wakili akasema sauti iliyorekodiwa na kusambazwa kwa wengi inahesabiwa sawa na maandishi. Kwa hiyo tumeandika maneno mafupi, yamekaguliwa, mwenyekiti anayasoma na kutuma hayo hayo kila mara. Maswali yote tunayaelekeza kwenye jukwaa, na majibu tunayaweka kwa Kiingereza na Kiswahili.

Mtangazaji mmoja wa YouTube aliomba dola 800 kututangaza. Inaruhusiwa kumlipa, mradi aseme yale machache tu. Aliposikia mipaka, hakuitaka kazi.

17 Agosti 2025: Mashine ya India

Ahadi zimefika dola 148,000, na tumekumbwa.

Bajeti yetu ilikuwa na mashine ya kutandaza chapati kutoka India, dola 68,000. Ushuru wa Marekani kwa bidhaa za India umepanda hadi asilimia 25 tangu tarehe 7, na amri imeshatoka ya kuongeza 25 nyingine kuanzia tarehe 27. Mashine ingefika ikiwa na bei ya jiko zima.

Fundi wetu akapata mtambo uliotumika wa kutandaza tortilla, kwenye kiwanda kinachofungwa karibu na San Antonio. Tulibeba donge la unga wetu tukaujaribu. Chapati ya kwanza ilitoka nene katikati na kukauka pembeni, kwa sababu unga wetu una mafuta na unapumzishwa muda mrefu kuliko wa tortilla. Fundi akashusha joto la sahani, akalegeza mkandamizo, na ya nne au ya tano ikatoka na tabaka zake kama ya mkono. Bei dola 41,000, na matengenezo juu yake.

Kubadilisha matumizi ya fedha kiasi hicho ni badiliko kubwa kisheria. Tumewasilisha marekebisho ya Fomu C, na kila aliyekwisha ahidi ana siku 5 za kazi kuthibitisha upya. Asiyethibitisha, ahadi yake inafutwa na fedha zinarudi.

31 Agosti 2025

Dola 33,000 zimefutwa. Wengi hawakukasirika, hawakufungua barua pepe tu, au waliidhania ya matapeli, na kwa mafunzo tunayopeana siku hizi siwalaumu. Tuliwapigia simu kuwaambia waangalie barua ya jukwaa, lakini siku tano ni chache kwa mtu anayeendesha lori kwenda California. Wengine wamerudi na kuweka upya. Ningeanza tena, ningeomba namba ya simu ya kila mwekezaji siku ya kwanza, na ningeandika kwenye Fomu C kwamba mashine inaweza kuwa mpya au iliyotumika.

12 Oktoba 2025: Tumefunga

Jumla ni dola 163,400. Yule mzee wa Kigoma yumo, kwa kikomo chake cha kisheria.

Jukwaa limechukua asilimia 6, dola 9,804. Wakili, tangu mwanzo, 11,000. Mapitio ya hesabu 4,500. Picha na video 900. Msajili wa hisa na mengineyo 1,300. Tumebakiwa na karibu dola 136,000. Yaani kila dola iliyoingia imeacha senti 17 njiani. Mtambo na friza vimelipiwa. Jiko tutaendelea kukodi kwa mwaka mwingine.

18 Januari 2026: Yanayoendelea

Mtambo unafanya kazi. Taarifa ya mwaka, Fomu C-AR, lazima iingie ndani ya siku 120 baada ya mwaka wa hesabu kuisha, kwetu ni 30 Aprili. Mhasibu ameshaanza.

Hisa hizi haziuzwi huku na huku kwa mwaka mmoja tangu kutolewa, isipokuwa kwa kampuni yenyewe, kwa mwekezaji mwenye sifa, kwa mtu wa familia, au kwa sababu kama kifo na talaka. Wiki hii mwanahisa mmoja anayerudi Kisumu ameomba kuhamisha zake. Familia kwa kanuni hizi ni mzazi, babu, bibi, mtoto, mjukuu, mwenzi, ndugu wa kuzaliwa, wakwe na mashemeji. Alitaka kumpa mtoto wa mjomba wake waliyelelewa pamoja, naye hayumo kwenye orodha. Shemeji yake yumo, ndiye atakayezipokea, na fomu ya uhamisho imekwenda kwa msajili jana.